Kigeugeu Kasingiziwa

Fundi rangi wa malori pale Tunduma hasumbuliwi na istilahi. Rangi ikiwa nzito huagiza tina, akakoroga, kazi ikaendelea. Tina limevuka mpaka kutoka Kiingereza na uraia limeshapata. Ila lina upungufu: linataja kupunguza uzito tu, wakati kimiminika kile kinafanya zaidi ya hapo: kinapokea kitu kingine ndani yake mpaka kisionekane. Ndiyo maana darasani tunahitaji neno pana.

Vitabu vina maneno mawili, kiyeyushi na kimumunyishi. Mimi niko upande wa la pili. Samli huyeyuka kwa moto tu, bila kutiwa chochote. Sukari humumunyika kwa sababu imekutana na maji. Tena kumumunya ni kazi ya mdomo wenye peremende: kitu hakitafunwi, kinapungua polepole mpaka hakionekani. Lugha ilishaieleza kemia hiyo kabla ya maabara. Kuyeyuka tuliachie joto.

Kazi inaanza kwa vimumunyishi vya Philip Jessop wa Kingston, Kanada, aliyevitangaza na wenzake mwaka 2005. Ukivipulizia hewa ukaa vinabadilika tabia; ukiiondoa hewa hiyo, kwa joto au kwa kupitisha naitrojeni, vinarudi vilivyokuwa. Tuviiteje?

Wepesi watasema kimumunyishi geugeu. Hapana. Kigeugeu ni mtu wa kuapa asubuhi na kukana jioni, na hakuna aliyemtuma. Kimiminika hiki hakimsaliti mtu: kinageuka kikigeuzwa, kinarudi kikirudishwa. Kimumunyishi cha swichi kinaeleweka haraka, lakini msikilizaji atatafuta waya.

Tukitazame kitenzi chenyewe. Geuka: chenyewe kinafanya. Geuza: kinakifanyia kingine. Geuzwa: kimeshafanyiwa. Geuzika: kinakubali kufanyiwa. Hapo ndipo penyewe. Kauli ya kutendeka inabeba uwezekano, na uwezekano ndio sifa tunayoitafuta. Napendekeza kimumunyishi kigeuzikacho. Ni jina refu, nakiri, lakini halimsingizii mtu.

Hewa ukaa sina ugomvi nayo. Ukaa umekaa ukoo mmoja na mkaa na makaa, na mtu wa Ileje, kwenye makaa ya mawe, hahitaji kufafanuliwa. Jirani zetu wa Rungwe huichimba ardhini hewa hiyo, ikajazwa mitungini kwa ajili ya vinywaji. Kabonidioksidi libaki kwenye mtihani.

Lipo kundi la vimumunyishi hivi linalofaa kutoa mafuta kwenye soya. Kwanza hukataa kuchanganyika na maji, vikabeba mafuta; ikiingia hewa ukaa huhamia kwenye maji, mafuta yakabaki juu. Wengine wanasema vichukiamaji na vipendamaji. Chuki na mapenzi ya nini? Vikwepamaji na vipokeamaji vinatosha.

Na tendo lenyewe? Kukamua hakufai, maana hapa hakuna kubana. Kukamua ni kwa mashine ya alizeti. Uziduaji ni neno zuri, lakini limechukuliwa na sekta ya madini na gesi, na katika mkoa wenye dhahabu kama Songwe litatupeleka machimboni. Kufyonza ndiko kunakostahili: kimumunyishi kinafyonza mafuta kutoka kwenye punje. Mafuta yakishaelea, lugha ina kitenzi kilichosahaulika, kuengua, kilichozoea malai ya maziwa. Kirudi kazini.

Limebaki jina la fani yenye vimumunyishi hivi, kemia ya kijani, lililoenea baada ya Paul Anastas na John Warner kuandika kanuni zake 12 mwaka 1998. Kijani kimetoka kwenye jani, sawa, lakini kwetu kijani ni rangi ya chama pia, na wanunuzi wa ng'ambo huita kijani kahawa ambayo mkulima wa Mbozi anaiita mbichi. Kemia salama ingesema wazi zaidi. Kusudi la kanuni zile ni kuzuia sumu na taka kabla hazijazaliwa. Kijani hakisemi hilo.

Walimu wa kemia wa Vwawa na Tunduma, yajaribuni maneno haya ubaoni muhula huu. Litakalowakwama wanafunzi, lifuteni mtuletee jingine.