Mnyimwa Si Mkosaji

Kitenzi kukosa kina mikono miwili. Aliyekosa basi hakulipata. Aliyemkosa mzazi wake anapaswa kuomba radhi. Basi gazeti likiandika kwamba familia fulani za Kwale "zimekosa uraia", sikio la Mswahili hupokea habari mbili kwa mpigo: hawana, na huenda wana kosa. Habari ya pili ni ya uongo. Wamakonde waliotoka Msumbiji na Tanganyika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya hawakutenda kosa lolote, wala wana na wajukuu wao waliozaliwa hapo hapo. Walinyimwa.

Kunyimwa hakuna utata. Ukisema mtu amenyimwa, msikilizaji atauliza papo hapo: na nani? Swali hilo ndilo kiini cha harakati zote za kudai sheria za uraia zilizo za haki, na neno kukosa hulizima kabla halijaulizwa.

Istilahi iliyozoeleka katika ripoti na warsha ni "watu wasio na utaifa". Siipendi, na nakuomba, mlinzi mwenzangu wa lugha, uipime nami. Taifa tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako ni kundi la watu, na Waswahili wa zamani walilitumia kwa watu wa asili moja hata kama hawana serikali wala bendera. Kwa maana hiyo Mmakonde ana taifa la kutosha: ana lugha, ana jando, ana vinyago vinavyojulikana dunia nzima. Mpemba wa Kilifi naye analo. Kitu ambacho hawakuwa nacho kwa miaka mingi ni mkataba na dola, na mkataba huo jina lake ni uraia. Anayemwambia mtu hana utaifa amemvua na kile ambacho hakuna serikali iliyompa.

Napendekeza mnyimwa uraia, wingi wanyimwa uraia. Umbo lake halina ugeni. Tunao mfungwa, mtumwa, mfiwa, mpendwa, mshtakiwa: wote ni majina ya watu waliotendwa jambo na mwingine. Na lugha yetu tayari ina mnyimi, ambaye ni mchoyo. Panapokuwa na mnyimwa, mnyimi naye lazima aonekane.

Neno raia lenyewe lina historia ya unyenyekevu. Kwa Waarabu lilikuwa kundi linalochungwa, na mtawala ndiye mchungaji. Raia wa sultani alikuwa mtu wa kuongozwa na kulipishwa kodi. Maana imepanda cheo tangu hapo. Leo raia anapiga kura na kumshitaki waziri. Lakini harufu ya zizi haijaisha, na huisikia kila ninapomsikia ofisa akizungumzia uraia kama lishe anayoigawa apendavyo. Mwananchi ni neno la nyumbani na lina heshima zaidi: mwana wa nchi. Mwana haombi kibali cha kuwa mwana. Ingependeza sheria zetu ziandikwe na watu wanaolisikia neno hilo kwa uzito wake wote.

Mwenyeji ni mwenye mji, na mgeni ndiye anayefika. Methali yetu humpa mgeni siku mbili, ya tatu akapewa jembe. Tunaitumia kuwaonya wageni wavivu, ila ina upande wa pili ambao hatuusemi. Jembe ni uanachama wa nyumba: anayelima na wenzake anakula na wenzake, na ugeni wake umekwisha. Wamakonde walipewa jembe tangu miaka ya ukoloni, wakakata mkonge, wakazaa, wakazika. Walibaki kuitwa wageni kwa zaidi ya nusu karne ya uhuru.

Hapa nataka kukaa kidogo na mlowezi, kwa sababu sijui neno jingine lililoharibiwa vibaya namna hii. Asili yake ni kulowea: kukaa mahali pageni mpaka pakakuzoea nawe ukapazoea, ukawa kama aliyezaliwa hapo. Kitenzi kizuri sana. Ndani yake mna muda, mna subira, mna ujirani. Kisha ukaja ukoloni. Nchini Kenya walowezi wakawa Wazungu walioitwaa ardhi ya nyanda za juu, na redio ikatufundisha walowezi wengine wa Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordani. Neno la aliyezoeana na mji likawa jina la aliyeupora.

Tanzania nako likachukua njia yake. Kwenye mikoa ya mpakani kama Kigoma, maofisa wa Uhamiaji huwaandikisha "walowezi", yaani watu waliohamia miaka mingi iliyopita bila ya kuwa na hati, na watoto wao. Mkulima asiye na kitu anaitwa kwa neno lile lile la bwana shamba mwenye maelfu ya ekari. Kwa masikio ya Nairobi, mlowezi ana nguvu kupita kiasi. Kwa masikio ya Kigoma, mlowezi hana hata cheti. Tuliache jina hilo kwa wanyang'anyi wa ardhi, na hawa wengine tuwaite waliolowea. Kitenzi bado ni safi. Na atakayesema "amelowea hapa miaka 50" amekwisha kutoa nusu ya hoja ya kumtetea.

Mhamiaji haramu lifutwe. Haramu katika Kiswahili ni neno la dini kabla ya kuwa neno la polisi: nyama ya nguruwe, riba, zinaa. Tena tunalo mwanaharamu, tusi zito linalomtupia mtoto tendo la wazazi wake. Kumwita mtu haramu kwa sababu karatasi yake imeisha muda ni kuligeuza suala la ofisi kuwa najisi ya mwili. "Asiye na kibali" yatosha. Ni maelezo ya hali, na hali hubadilika siku kibali kinapotoka.

Hata mhamiaji peke yake hutumiwa ovyo. Kuhama ni kutoka, kuhamia ni kuingia. Vitenzi vyote viwili vinahitaji mwendo. Mtoto aliyezaliwa Msambweni, Kwale, na mama aliyezaliwa Msambweni amehama kutoka wapi?

Mpaka ni mahali ambapo viwili vinapakana. Hakuna nafasi katikati. Ndivyo neno linavyodai. Lakini Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua mwaka 2018 kesi ya mtu aliyeishi kwenye nafasi hiyo isiyokuwepo. Alikwenda polisi mwaka 2012 kwa taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikazuiwa kwa shaka kwamba si Mtanzania, na mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamrudisha. Tanzania haikumpokea. Akabaki Sirari, kati ya vizuizi viwili. Mahakama ilisema Tanzania ilikiuka haki zake, na kwamba serikali inayokana uraia ambao mtu ameishi nao ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Nimetafuta jina la kipande kile cha ardhi sikuridhika na lolote. Wengine husema "eneo huru", nami nalikataa kwa moyo wote: mtu aliyefungiwa nje na nchi mbili hana uhuru wowote. Labda kwapa la mpaka. Aliye na jina bora alitoe.

Kenya ina neno ambalo wengi hulitaja kwa Kiingereza tu, "vetting", la ule usaili ambao vijana wa Kisomali, Wanubi na Waislamu wengi wa pwani na mipakani walipitishwa kabla ya kupewa kitambulisho. Wenzao wa makabila mengine walipeleka karatasi kwa chifu wakaondoka. Wao walisubiri kamati, wakaulizwa kuhusu babu, wakatakiwa walete hati za babu. Mwezi Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini Wajir tamko la kuuondoa usaili huo.

Tafsiri moja ni uhakiki. Ni jina lililovaa nguo za haki, maana haki, hakika na hakiki ni ndugu wa tumbo moja katika Kiarabu. Siwezi kuliweka juu ya jambo lililobagua. Magazeti hupenda kusema "kupigwa msasa", nalo linanivutia zaidi kwa sababu ya msasa wenyewe: mti wenye majani ya kukwaruza, yaliyotumiwa na mafundi kulainisha mbao, na baadaye jina likahamia kwenye karatasi ya dukani. Mchonga vinyago akimaliza kazi ya tezo na patasi hukaa na kipande cha mpingo mapajani, akakisugua taratibu, weusi ukazidi kuchomoza, hata mkono ukipita juu haukwami popote. Msasa hukipa kitu mng'ao. Waziri mteule akipigwa msasa bungeni hutoka na cheo. Kijana wa Garissa alikwaruzwa tu, tena mara kwa mara, akarudishwa nyumbani na tarehe nyingine. Kwa usaili wa namna hiyo nasema mchujo wa asili, jina lisilopamba kitu: watu walichujwa kwa asili yao.

Kitambulisho watu wengi wa Kenya hukiita kipande hadi leo, na hawajui wamebeba nini mdomoni. Kipande kilianza kutumika kwa nguvu mwaka 1920: cheti cha mwanamume Mwafrika, chenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, kilichotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga, akakamatwa mwaka 1922, na waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Karatasi ile ilikuwa ya kumzuia mtu asitembee. Leo asiye nayo ndiye asiyetembea. Mvuvi wa Kipemba asiye na kitambulisho hakupata leseni ya uvuvi. Laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la jirani, na fedha za samaki zikapitia kwa jirani.

Ndani ya kitambulisho mna kutambua. Wamakonde walipofunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi Oktoba 2016 kumwona Rais Uhuru Kenyatta, walitaka kutambuliwa. Vyombo vya habari vikaripoti kwamba "wamepewa uraia". Tazama umbali ulioko kati ya vitenzi hivyo. Anayepewa hakuwa nacho, na aliyempa anastahili shukrani. Anayetambuliwa alikuwapo muda wote. Aliyechelewa ni mtazamaji. Waliofuata wakasimuliwa vivyo hivyo: Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe kama wamisionari, na Wapemba mwaka 2023.

Hata kutambua ni laini mno. Nashauri kukiri. Anayekiri anathibitisha jambo na papo hapo anakubali kwamba alikuwa akilikana. Uraia wa kukiriwa ungekuwa mlango wa peke yake, mbali na ule wa kuzaliwa na ule wa kusajiliwa, kwa watu ambao dola iliwakana kwa vizazi.

Kuna jambo dogo la kabila. Wamakonde walitangazwa kabila la 43 la Kenya, Wakenya wenye asili ya Asia la 44 mwaka 2017. Watu walishangilia, nami nafahamu kwa nini. Ila inaniumiza kwamba mtu alilazimika kuhesabiwa kama kabila ndipo ahesabiwe kama mwananchi.

Tanzania hutumia uraia wa tajnisi. Wengi hulitamka neno hili bila ya kuona ndani. Shina lake ni jinsi, yaani aina. Katika Kiarabu jinsia ndiyo uraia wenyewe, na tajnisi ni kumtia mtu katika jinsi yenu. Kiswahili kililipeleka jinsia upande wa uke na uume. Maana hizo mbili zilikutana tena ndani ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake ya tajnisi, mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Kuoa na kuolewa, tofauti ya silabi chache, imekuwa tofauti ya sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 haikuuliza nani ameoa na nani ameolewa. Iliuliza miaka 7 ya ndoa.

Tajnisi hiyo hiyo, mwaka 2014, ilikamilishwa kwa zaidi ya watu 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972 na wazao wao, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Lilikuwa jambo kubwa na nalisifu bila ya kusita. Wakaitwa raia wapya. Kivumishi hicho kiwe na kikomo. Aliyezaliwa Mishamo mwaka 1980 si mpya kwa lolote.

Nimeyaacha kwa makusudi maneno ya fomu mpaka mwisho. Fomu husema ombi, na anayeijaza ni mwombaji. Kuomba kunamweka mtu mlangoni na kofia mkononi. Kiswahili kina kudai, na uzuri wake ni kwamba hufanya kazi dukani na mahakamani: namdai shilingi mia, namdai haki yangu. Katika yote mawili mwenye mali ni anayedai. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 iliwaruhusu wanyimwa uraia waliokuwapo nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963 kusajiliwa, lakini ikaweka dirisha la miaka 5, likaongezwa 3, likafungwa 2019. Ombi laweza kufungiwa dirisha. Wenye fomu waandike dai la uraia, na jina la anayeijaza liwe mdai.