Walumbi wa Kale Walivyojifua

Katika magofu ya Agora, soko kuu la Athens ya kale, wanaakiolojia walifukua mabaki ya chungu cha udongo chenye tundu dogo karibu na kitako. Chungu hicho kilikuwa saa ya mahakama. Kikijaa kilibeba maji ya lita 6.4 hivi, na maji hayo yalichukua kama dakika sita kutiririka hadi kwisha. Msemaji alipoanza kutoa hoja, tundu lilizibuliwa. Maji yakikatika, zamu yake imekwisha. Kesi nzito zilipewa maji mengi, ndogo zikapewa kidogo. Katika kesi za madai, nyaraka za ushahidi zilipokuwa zikisomwa, tundu lilizibwa kwanza ili msemaji asipunjwe.

Ndani ya muda huo mtu alitakiwa kujitetea kwa kinywa chake mwenyewe. Athens ya karne ya nne KK haikuwa na mawakili wa kusimama badala ya mteja kama tuwajuavyo leo. Mkulima, fundi au mchuuzi wa bandarini alisimama mbele ya waamuzi 201, au 501, raia waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ambao hawakuona haya kuguna na kuzomea. Asiye na ulimi aliweza kupoteza shamba lake.

Hapo ndipo ilipopatikana riziki ya watu walioandika hotuba kwa malipo. Mashuhuri kati yao alikuwa Lysias, mgeni mkazi ambaye hakuwa na haki za raia. Ufundi wake ulikuwa kuandika kwa sauti ya mteja: mzee wa shamba asikike kama mzee wa shamba, na mlemavu anayepigania posho yake ya serikali asikike mcheshi na mwenye uchungu kwa wakati mmoja. Mteja aliichukua hotuba, akaenda nayo nyumbani, akaikariri mpaka ikamkaa kichwani. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kisa cha mteja mmoja aliyerudi kulalamika. Aliposoma hotuba mara ya kwanza ilimfurahisha sana. Mara ya pili na ya tatu ikaonekana chapwa. Lysias alicheka, akamuuliza kama waamuzi wangeisikia zaidi ya mara moja.

Swali hilo lina busara ya mtu aliyeijua kazi yake. Hotuba huandikwa kwa ajili ya sikio linalopitiwa mara moja tu, na mtu anayejiandaa ndiye pekee atakayechoka nayo.

Demosthenes naye aliwahi kuishi kwa kazi hiyo, lakini njia iliyomfikisha huko ilikuwa ya machungu. Alizaliwa mwaka 384 KK, mtoto wa tajiri mwenye karakana ya visu na nyingine ya vitanda. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka saba, na wasimamizi watatu wa mirathi wakaitafuna mali. Alipofikia utu uzima aliwashtaki. Alishinda kesi, ingawa mali aliyofanikiwa kuirudisha ilikuwa kidogo.

Ushindi wa mahakamani haukumsaidia kwenye mkutano wa raia. Mara za kwanza alizopanda jukwaani alichekwa. Sauti yake ilikuwa dhaifu, matamshi hayaeleweki, na pumzi fupi ilimkatia sentensi katikati hata maana ikapotea. Tena, mlumbi wa Roma Cicero anaeleza, herufi R ilimshinda. Wapo wasomaji wa Kiswahili watakaomwonea huruma: R inayogeuka L imewaponza wasemaji wengi wa kwetu, na wasikilizaji hawasamehi.

Siku moja, akirudi nyumbani kichwa chini baada ya kuzomewa, alifuatwa na Satyrus, mwigizaji wa jukwaani. Satyrus alimtaka asome kwa kichwa kipande chochote cha Euripides au Sophocles. Demosthenes akasoma. Kisha Satyrus akakirudia kipande kilekile kwa mkao, uso na sauti ya mhusika, na Demosthenes akakiona kama maandishi mengine kabisa. Kwa maelezo ya Plutarch, hapo ndipo alipotambua kwamba kuandika vizuri bila kujua kuitoa hotuba ni kazi bure.

Akachimba chumba chini ya ardhi, akawa anashuka humo kila siku kufinyanga sauti na ishara zake. Wakati mwingine alikaa humo miezi miwili au mitatu mfululizo, huku amenyoa nusu moja ya kichwa ili aone aibu kutoka nje hata kama moyo unamtuma. Alisoma mashairi akipanda vilima kwa mwendo wa haraka, apate kuimudu pumzi. Alitia kokoto mdomoni akasema nazo. Alisimama mbele ya kioo kikubwa. Bega lake lilikuwa na tabia mbaya ya kuruka alipopandwa na hamasa. Quintilian, mwalimu wa ulumbi wa Roma, anasema alitundika mkuki juu yake, likiruka linachomwa.

Je, haya yote ni kweli? Plutarch aliandika zaidi ya miaka 400 baadaye, na hadithi za watu wakubwa hunona kadiri zinavyosafiri. Hata hivyo habari za kokoto na vilima anazinukuu kutoka kwa Demetrius wa Phalerum, aliyedai kuzisikia kwa Demosthenes mwenyewe akiwa mzee. Na jambo moja walilikubali hata maadui zake: hakupenda kusema bila kujiandaa. Pytheas alimkejeli kwamba hoja zake zinanuka utambi wa taa. Demosthenes hakukana. Alijibu tu kwamba taa ya Pytheas na taa yake hazikutumika kwa kazi moja.

Mazoezi hayakumkinga na kila kitu. Mwaka 346 KK Athens ilituma wajumbe kwa Mfalme Philip wa Makedonia. Zamu ya Demosthenes ilipofika alianza kwa kusitasita, akasahau, kisha akanyamaza kabisa mbele ya mfalme. Anayetusimulia ni Aeschines, hasimu wake mkubwa, kwa hiyo chumvi lazima imo. Aeschines aliwahi kuwa mwigizaji na alijaliwa sauti nzuri ya kuzaliwa. Wawili hao walikutana kwa mara ya mwisho mahakamani mwaka 330 KK, na mwenye sauti ya kuzaliwa akashindwa vibaya: hakupata hata moja ya tano ya kura. Akahamia kisiwa cha Rhodes. Huko aliwasomea wenyeji hotuba yake, na kesho yake akawasomea ile ya Demosthenes. Walipoisifu ya pili, aliwaambia kwamba wangeshangaa zaidi kama wangemsikia mwenyewe akiitoa.

Wakati huohuo Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Retoriki, alilalamika kwamba ufundi wa kuitoa hotuba ulikuwa bado haujaandikiwa kitabu cha maana. Alitaja mambo matatu ya kuangaliwa: ukubwa wa sauti, kupanda na kushuka kwake, na mahadhi. Warumi ndio waliolijaza pengo hilo, na walilijaza mpaka likafurika.

Roma ilikuwa na jukwaa lake katikati ya mji, Rostra, lililopambwa kwa pua za merikebu zilizotekwa kutoka Antium mwaka 338 KK. Gaius Gracchus, mtetezi wa walalahoi aliyechaguliwa kuwa mkuu wa makabwela kwa mwaka 123 KK, alikuwa na ulimi wa moto. Tatizo lake lilikuwa hasira: akipandwa nayo, sauti ilipaa hadi ikawa kelele. Akamweka nyuma yake mtu mwenye filimbi. Gracchus akipaa mno, filimbi ilipigwa taratibu kumshusha, akilegea, ilimpandisha. Cicero anaongeza kwamba filimbi ilikuwa ya pembe ya ndovu na mpigaji alijificha asionekane. Mwanasiasa akiwasha moto mbele ya umma, na mgongoni mtu anashika kipimo cha moto huo!

Cicero mwenyewe alianza vibaya. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na alisema kwa nguvu zote tangu neno la kwanza hadi la mwisho, hata marafiki na matabibu wakamsihi aache kazi hiyo asije akafa. Badala ya kuacha, mwaka 79 KK alisafiri: Athens, kisha Asia, kisha Rhodes kwa mwalimu Molon, aliyemfundisha kuizuia sauti yake isifurike. Alirudi Roma baada ya miaka miwili, kwa maneno yake mwenyewe, karibu mtu mwingine. Nyumbani alijifunza pia kutoka kwa waigizaji wawili, Roscius wa vichekesho na Aesopus wa tanzia. Inasemekana yeye na Roscius walishindana nani atalieleza wazo moja kwa njia nyingi zaidi, mmoja kwa maneno na mwingine kwa mwili.

Lakini Roma ilikuwa na fundo lake. Mwigizaji alikuwa mtu wa daraja la chini, aliyenyimwa baadhi ya haki za heshima, na mlumbi aliogopa sana kufananishwa naye. Hortensius, mpinzani wa Cicero mahakamani, alipanga mikunjo ya joho lake kwa uangalifu mno, na ishara zake zilisomeshwa kiasi kwamba Roscius na Aesopus walikwenda kumtazama wakajifunze. Katika kesi moja adui yake Torquatus alimwita Dionysia, jina la mcheza ngoma maarufu wa kike. Hortensius alimjibu kwa sauti laini kwamba ni heri awe Dionysia kuliko kuwa kama Torquatus, mtu asiye na sanaa yoyote ndani yake.

Karne moja na ushei baadaye Quintilian, mzaliwa wa Hispania, alijaribu kuuchora kwa maandishi mpaka kati ya mlumbi na mwigizaji. Alikuwa mwalimu wa ulumbi aliyelipwa na hazina ya serikali, mpango ulioanzishwa na Kaisari Vespasian kwa mshahara wa sesterce 100,000 kwa mwaka. Sura ya tatu ya kitabu chake cha 11, kilichoandikwa karibu na mwaka 95 BK, ni ya mtu aliyekaa mahakamani miaka mingi akiangalia mikono ya watu. Kidole cha kati kikutane na gumba, vingine vitatu vinyooke: hiyo inafaa utangulizi. Mkono uanze na wazo, na utue wazo linapotua. Mkono wa kushoto usifanye ishara peke yake. Vazi la ndani lishuke kidogo chini ya magoti kwa mbele; likizidi hapo ni la wanawake, likipungua ni la maakida wa jeshi. Hotuba ikifika mwishoni, joho linaweza kuachwa lianguke begani na jasho lionekane, kwa sababu wakati huo mtu nadhifu kupita kiasi huonekana hana uchungu. Anamcheka Pliny Mzee aliyefundisha namna ya kufuta jasho usoni bila kuharibu nywele, na aliyedai kwamba Cicero alivaa joho refu ili kuficha mishipa iliyovimba miguuni.

Ukisoma sura hiyo unaona kazi ilikuwa ngumu kiasi gani: kujifunza kila kitu cha mwigizaji, kisha kukificha.

Kisa cha mwanasiasa Milo kinaonyesha upande mwingine. Januari mwaka 52 KK wafuasi wa Milo walimuua Clodius, hasimu wake wa kisiasa, kwenye Barabara ya Appia, na Cicero akachukua utetezi. Siku ya hotuba, mwezi Aprili, uwanja ulizungukwa na askari wa jenerali Pompey, na wafuasi wa Clodius wakapiga kelele. Cicero, mwenye uzoefu wa miaka karibu 30, hakusema kwa uthabiti wake wa kawaida. Milo alitiwa hatiani kwa kura 38 dhidi ya 13, akaenda uhamishoni Massilia, mji unaoitwa leo Marseille. Baadaye Cicero aliiandika upya hotuba, ikawa kati ya kazi zake bora kabisa, akamtumia nakala. Milo alijibu kwamba afadhali haikutolewa hivyo mahakamani, maana asingekuwa Massilia akila samaki watamu namna ile.

Machi mwaka 44 KK zamu ilikuwa ya mwanasiasa Mark Antony, mbele ya maiti ya Julius Caesar aliyeuawa. Mwanahistoria Appian anasema alijifunga joho ili mikono iwe huru, akasimama kama aliye jukwaani mwa tamthilia, akainama, akainuka, akapandisha sauti na kuishusha kuwa kilio. Akaliinua kwa mkuki joho lenye damu. Kisha sanamu ya nta ya Caesar ikapandishwa kwa mtambo na kuzungushwa ili umati uone majeraha yote 23. Watu wakaitikia kama kiitikio cha waigizaji. Suetonius, kwa upande wake, anasema Antony aliongeza maneno machache tu baada ya mpiga mbiu kusoma azimio la Baraza la Wazee. Hotuba ambayo Waswahili wanaijua, ile iliyopita kwenye tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1963, ni ya Shakespeare, aliyeitunga kutoka kwa Plutarch aliyefasiriwa Kiingereza. Maneno halisi ya Antony hayakusalia.

Cicero alimlaumu Antony waziwazi kwa mazishi hayo na moto uliofuata. Alifanya hivyo katika Filipiki ya Pili, aliyoipa jina kwa kufuata hotuba za Demosthenes dhidi ya Philip. Imeandikwa kana kwamba inatolewa palepale barazani, msemaji akimwona Antony anavyobadilika uso. Haikutolewa kamwe, ilisambazwa kwa maandishi. Desemba mwaka 43 KK askari wa Antony walimuua Cicero, na kichwa chake pamoja na mikono vikatundikwa kwenye Rostra.