Kiingereza Kilivyopanda Milima ya Kilungu

Mtu akisimama juu ya milima ya Kilungu asubuhi, ukungu ukiisha kuondoka mabondeni, huona mashamba yakishuka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni, na hapa na pale huona mabati ya shule yaking'aa. Watoto waendao katika shule hizo husema Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza darasani. Twaliona jambo hili kuwa la kawaida, walakini halikuja lenyewe. Lina historia yake, na yafaa historia hiyo ijulikane na kila kijana aketiye mbele ya kitabu cha sarufi ya Kiingereza.

Kwanza tukumbuke kwamba zamani aliyehangaika kujifunza lugha ngeni hakuwa Mkamba, bali mgeni. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Huko pwani alikutana na Wakamba waliokuja kuuza pembe za ndovu, akaanza kujifunza maneno yao. Mwaka 1849 alisafiri mpaka Kitui kwa mzee Kivui, na mwaka 1850 akapiga chapa msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwa kimojawapo. Baadaye Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, mnamo Desemba 1895, na haukupita muda mrefu wakafungua kituo Kilungu pia. Hao nao iliwapasa kujifunza Kikamba, maana walikuwa na neno la kusema na wenyeji hawakuwa na haja ya kwenda kulitafuta. Hapa pana kanuni tutakayoiona tena: mwenye shida ya kusikilizwa ndiye ajifunzaye lugha ya mwenziwe.

Katika shule za misheni watoto walifundishwa kusoma kwa Kikamba, ili wapate kusoma Maandiko. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Kenya mwaka 1924, nayo ilishauri kwamba wadogo wafundishwe kwa lugha ya mama, Kiingereza kije baadaye. Kwa mwalimu shauri hilo lilikuwa na busara. Lakini mzazi alikuwa na hesabu nyingine, kwa kuwa hali ya nchi ilikuwa imegeuka.

Iligeuka vipi? Tangu karibu na mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, ambamo kazi yake na mshahara wake viliandikwa. Aliyekichukua shingoni mara nyingi hakuweza kukisoma. Sheria ziliandikwa kwa Kiingereza, na barua za Serikali vivyo hivyo. Kisha mwaka 1938 Serikali ilianza kuwapunguzia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini, ikisema kwamba wanaharibu ardhi. Watu wakakusanyika wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi kwa miguu kumwona Gavana. Lakini miguu peke yake haikutosha. Chama chao, Ukamba Members Association, kilipeleka malalamiko mpaka London, na malalamiko hayo yalikuwa kwa Kiingereza. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu. Walakini Serikali iliacha mpango wa kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Basi mzazi aliyekuwa na macho aliona jambo: kalamu iliyojua Kiingereza ilikuwa ngao ya zizi. Mwenye shida ya kusikilizwa sasa alikuwa Mkamba.

Hivyo watoto wakaingia darasani. Mwalimu aliinua kitabu, akasema, "This is a book," nao wakaitikia kwa sauti moja. Ugumu ulianza mara. Kikamba, kama Kiswahili, hutumia kiambishi kimoja kwa mwanamume na mwanamke. Kiingereza chataka "he" kwa baba na "she" kwa mama. Mtoto aliyesema "My mother, he is cooking" hakukosa akili. Alikuwa akifuata sarufi ya nyumbani kwao. Sauti ya "r" nayo haimo katika Kikamba cha asili, basi aliyetaka kusema "rice", yaani mchele, alisikika akisema "lice", yaani chawa, na darasa zima likacheka. Kwa upande mwingine, Kikamba hutenga katika kitenzi chenyewe jambo lililotendeka leo na lile la siku nyingi. Kiingereza husema "went" kwa yote mawili. Hata maamkizi yalikuwa fumbo. Mzee wa Kilungu akikuuliza hali, angojea habari za nyumbani, za mvua na za mifugo. Mwingereza akisema "How do you do?" hangojei habari yo yote, hurudishiwa maneno yale yale.

Makosa ya namna hiyo yalitaka subira. Kwa bahati mbaya, katika shule nyingi za Kenya yalitafutiwa fimbo. Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma Limuru, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi kifungo kilivyopitishwa kwa kila aliyesikika akisema lugha ya mama, na mwisho wa siku wote waliokishika wakachapwa. Mitihani nayo ilizidisha hofu. Kwa mpango wa Beecher wa mwaka 1949, mtoto alichujwa baada ya darasa la nne na tena baada ya la nane. Mwaka 1957 Nairobi ilianza kujaribu kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono njia hiyo. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ikageuza shauri: wadogo waanze kwa lugha ya mahali walipo. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, tena yaitaka nchi izilinde lugha za wananchi wote.

Basi, mwanafunzi, usione haya kukosea, wala usimcheke mwenzio akosaye. Wazee wetu walikitaka Kiingereza ili wayatetee mashamba na ng'ombe wao. Hawakukitaka ili wamwaibishe mama aliyewafundisha kusema. Jifunze sarufi yake kwa bidii, ukiipima kwa sarufi uliyonyonya nyumbani. Na jioni upandapo mlima kurudi kwenu, ukimkuta bibi yako mlangoni, mwamkie kwa Kikamba, ungoje habari zote za mvua na mifugo.