Jani la Isale, Ghorofa ya Tatu

Nilipofika Leipzig nilikabidhiwa funguo mbili na jiko ambalo halikuwepo. Sitanii. Wapangaji wengi wa Ujerumani wakihama hubeba jiko lao zima: makabati, sinki, mpaka bomba. Chumba ambacho mkataba ulikiita jikoni kilikuwa na mabomba mawili yaliyozibwa ukutani, na juu darini nyaya zilining'inia mahali pa taa. Nikampigia mama Moshi kwa video ajionee. Akatazama weee, halafu akauliza, "Sasa majirani wameshakuja kukuona?"

"Bado, mama."

Akanyamaza kidogo. "Labda hawajasikia kwamba umefika, mwanangu."

Walisikia. Ngazi za jengo ni za mbao na mimi nilipandisha godoro peke yangu.

Kwa mtu wa Old Moshi, Leipzig si jina geni. Wamisionari wa Kilutheri walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig. Walianzia Machame, wakaenda Mamba, wakafika Moshi. Kabla yao, Oktoba 1889, Hans Meyer wa jijini hapa, mtu wa familia ya wachapishaji, alifika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller, akakipa kilele jina la Kaisari wake na kubeba jiwe la huko juu kumpelekea. Yaani watu wa mji huu walishahamia kwetu zaidi ya karne moja kabla mimi sijahamia kwao. Na sikumbuki kusikia kwamba waliulizwa uthibitisho wa makazi. Mimi nilipewa wiki mbili kujiandikisha manispaa, nikiwa na fomu yenye sahihi ya mwenye nyumba.

Mmoja wao ndiye aliyenikaa kichwani wiki zile za kulala chini ya balbu moja. Bruno Gutmann alifika Kilimanjaro mwaka 1902, miaka miwili tu baada ya Wajerumani kumnyonga Mangi Meli hapohapo Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Kichwa cha Meli kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na familia yake inakitafuta mpaka leo. Basi huyu Gutmann akaja kuishi na watu waliotoka kwenye msiba huo, akajifunza Kichaga sawasawa, akakaa mpaka 1938, ukiondoa miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipofukuzwa pamoja na Wajerumani wenzake. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kinene kuhusu sheria za Wachaga. Alishikilia kwamba mtu hujengwa na vifungo vitatu: ukoo, rika na ujirani. Kanisa likivunja hivyo, alisema, litabaki na mtu mmojammoja asiye na mizizi.

Nina ugomvi wangu na Gutmann. Alitupenda jinsi tulivyokuwa kiasi kwamba hakufurahia tuwe kitu kingine. Mji na kazi ya mshahara vilimtia wasiwasi. Sidhani angefurahi kumwona binti wa Kidia akiandikia magazeti na kupanga ghorofa Leipzig. Lakini kuhusu ujirani alikuwa ameona kitu cha kweli, na nilikielewa vizuri zaidi nikiwa kwao kuliko nilipokuwa kwetu.

Fikiria mfongo. Maji ya mlimani yalishushwa kwa mifereji iliyochimbwa na wazee, ikapita kihamba hadi kihamba, na kila nyumba ikawa na zamu yake. Mfereji ukibomoka, wote wanaonywea hapo wanatoka na majembe. Mgeni aliyepewa kihamba na Mangi, akapeleka pombe au mfugo wa shukrani, bado hakuwa amehamia mpaka aingizwe kwenye zamu ya maji. Ukigombana na mwenye kihamba cha juu yako, migomba yako inakauka. Sisi hupenda kusema tulipendana zamani. Labda. Ila nadhani zaidi tulihitajiana, na kupendana kukaja nyuma kama kulivyoweza.

Kwenye jengo langu maji yanatoka ukutani. Bili inakuja kwa jina langu. Hakuna hata sababu moja ya kumjua mama wa ghorofa ya pili.

Sababu niliitengeneza mwenyewe. Jumapili moja niliazima drili nikaanza kutoboa ukuta nitundike rafu. Tundu la tatu, mlango ukagongwa. Mama mtu mzima, nywele nyeupe, koti la nyumbani. Kijerumani changu kilikamata maneno mawili tu: Jumapili, na neno lao la utulivu. Nikaomba radhi. Akaniangalia kama mtu anayehesabu chenji pungufu, akashuka. Wiki mbili zilizofuata, nikimsalimia kwenye ngazi anajibu huku anatazama viatu vyangu.

Mama alipoelezwa hakuuliza kosa ni la nani. "Mpelekee isale."

Kwa asiyejua: isale ni ule mmea wa majani marefu unaozungushiwa vihamba kuwa mpaka. Hupandwa pia makaburini. Na aliyekosa akija kwako ameshika jani lake, huwezi kumfukuza. Utamsikiliza, hata kama roho haitaki. Nikamwambia mama huku hakuna isale, huku kuna baridi. Siku chache baadaye, dukani nilipofuata taa, nikaukuta umepangwa kwenye vyungu vya plastiki, una bei, una karatasi ya maelekezo: umwagilie mara moja kwa wiki. Mpaka wetu, kumbe, kwao ni pambo la sebule.

Nikanunua. Nikakata jani moja, nikafunga fundo kama nilivyomwona babu akifunga, nikashuka na jani mkono mmoja na chungu mkono wa pili.

Alifungua. Nikasema sentensi yangu niliyoikariri. Akatazama chungu, akatikisa kichwa: hapana, asante, hana nafasi.

Isale ikakataliwa! Nikabaki nimesimama pale, sijui mila inasema nini mtu akifika hapo. Ndipo akasogea pembeni nione ndani. Dirishani ulisimama isale mwingine, shina nene kama mkono wangu, majani yakigusa dari. Akasema ana miaka thelathini nao. Akanyoosha kidole kwenye fundo la jani langu, akauliza hilo ni la nini.

Nikajaribu kueleza. Kijerumani kiliisha nikiwa bado kwenye mifongo. Akaniambia nivue viatu, niingie, kwa sababu mlango wazi unapoteza joto, na joto lina bili.

Chungu nilirudi nacho juu. Jani lilibaki kwake. Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, aligonga tena mlango wangu, safari hii ameshika drili yake mwenyewe, akasema niliyoazima haifai kwa ukuta ule.