Nyumba ya Sanaa ya Makerere: Tarikhi Fupi

Mwaka 1937, barazani kwa daktari mmoja wa hospitali ya Mulago, waliketi vijana wachache wenye karatasi na rangi, na mwenye kuwafundisha alikuwa mke wa daktari huyo, Bibi Margaret Trowell, aliyesomea uchoraji katika chuo cha Slade mjini London, na ambaye, tofauti na waalimu wengi wa zama zile, hakuwawekea vijana wale picha ya Kizungu wainakili. Aliwasimulia jambo kwa maneno, akawaamuru wafumbe macho mpaka waione picha katika dhamiri zao, ndipo washike rangi. Hiyo baraza ndiyo chimbuko la Nyumba ya Sanaa ya Makerere, na sisi tuliopata faida yake hatuwezi kuitaja bila shukurani.

Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wale zilionyeshwa London. Wakati wa vita vikuu Bibi Trowell alikabidhiwa pia hazina ya Makumbusho ya Uganda, nayo ikahamishiwa Makerere, hata wanafunzi wakawa wakijifunza kando ya ngoma, mikuki, vikapu na nguo za magome ya miti, vitu vya mababu zao wenyewe. Kutokana na mapenzi yake kwa vitu hivyo kilitoka mwaka 1953 kitabu kikubwa cha ufundi wa makabila ya Uganda, alichokitunga pamoja na Klaus Wachsmann, yule bingwa wa muziki.

Katika wanafunzi wa mwanzo hapana apendwaye kutajwa kuliko Gregory Maloba, kijana wa magharibi ya Kenya, aliyechonga mwaka 1941 sanamu ya mti aliyoiita Kifo, nayo ikawastaajabisha waliokuwa wakidhani kwamba Mwafrika hana la kusema kwa patasi. Baadaye alikuwa mwalimu pale pale, na sanamu yake ya Uhuru ya mwaka 1962, mama aliyefunguliwa vifungo akimwinua mtoto wake juu, ingali imesimama katikati ya Kampala. Sam Ntiro wa Machame, aliyechora migomba na shughuli za Wachaga, picha yake ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York, naye akawa balozi wa Tanganyika huko Uingereza. Elimo Njau, mwenyeji wa Marangu, alichora kutani mwa kanisa la Murang'a, mwaka 1959, maisha ya Masihi katika vilima vya Wakikuyu. Hayo ndiyo matunda ya baraza ile, wala sijasema yote.

Bibi Trowell alipostaafu, Cecil Todd alishika usukani, akiwa na waalimu kama Ali Darwish wa Zanzibar na Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, msanii na mtaalamu wa wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nyumba yenyewe ya maonyesho ikasimama.

Miaka iliyofuata mapinduzi ya kijeshi ya 1971 ilikuwa mizito, na baadhi ya waalimu walisafiri. Yatosha kusema kwamba mafundisho hayakukatika. Francis Nnaggenda alifundisha na kuchonga. Shule ya sanaa ya Makerere ikapewa jina la Margaret Trowell. Nyumba ya maonyesho ikaongezewa kazi ya kuhifadhi na kukarabati urithi. Na chuo kizima cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922, kilipotimiza karne kilisherehekea.

Sisi wa huku milimani Rwenzori tulikuwa na njia yetu ya kuifikia nyumba hiyo. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na kwa treni hiyo nilipata kuwapeleka wanafunzi wangu Kampala kuitazama nyumba ile. Mtoto mmoja wa mvuvi wa Kasenyi, aliyenyamaza siku nzima, aliporudi kwao alitwaa udongo wa ufukoni mwa Ziwa George akafinyanga kiboko na mwanawe, nami nikajua kwamba safari haikwenda bure. Treni ile ile ilichukua shaba ya Kilembe kwenda kuyeyushwa Jinja, na kwa miaka mingi hatukuiona ikiturudia kwa sura yoyote. Leo Rungwe Kingdon, mwana wa yule Jonathan, pamoja na mkewe Claude Koenig, wameanzisha hapa Kasese karakana ya Rwenzori Founders, ambako vijana wetu husubu sanamu: huliumba umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, hulichoma mpaka nta ikatoka yote, kisha humimina shaba mahali ilipokuwa nta. Kwangu mimi karakana hiyo ni mtoto halali wa baraza ya Mulago.

Treni haiji tena, ila basi la Kampala lipo kila siku. Enyi waalimu wa Bwera, Mpondwe na Kasenyi, wapelekeni watoto Makerere wakaione nyumba yao. Na kwa asiye na nauli, karakana ya Kasese i karibu.