Kila Zama na Watu Wake

Ndugu msomaji, yako mabaraza mengi ya vijana ambayo hayalali bila ya ubishi juu ya mpira wa kikapu wa Marekani. Mmoja husema kuwa wachezaji wa zamani, lau wangetiwa katika uwanja wa leo, wangeaibika. Mwingine huapa kuwa wa leo ni watoto mbele ya wale. Ubishi huu hata huko kwao upo. Mwaka 2022 mchezaji mstaafu JJ Redick alisema katika televisheni kuwa Bob Cousy, fundi wa pasi wa timu ya Boston katika miaka ya 1950, alikuwa akizuiwa na mafundi bomba na wazima moto. Cousy, akiwa na umri wa miaka 93, alijibu kwa kuwataja wakubwa aliocheza nao na aliopambana nao.

Jambo hili laonekana dogo, kwani ni mchezo tu. Lakini ndani yake mna suala zito: vipi mtu wa zama moja amhukumu mtu wa zama nyingine? Asiyefanya insafu katika mchezo hataifanya katika yaliyo makubwa kuliko mchezo. Basi na tulipime kwa mizani, wala si kwa kelele.

Kwanza yapasa tutenganishe maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: lau mchezaji wa mwaka 1955 angechukuliwa kama alivyo, na viatu vyake vya turubai na mazoezi yake ya siku zile, akatiwa katika mchezo wa jioni ya leo, angefanyaje? La pili: lau mtu yuyo huyo angezaliwa katika zama zetu, akapata chakula, waganga na walimu wa leo, angefika wapi? Nahodha wa jahazi aliyekwenda Uarabuni kwa upepo wa kusi na kwa kuzitazama nyota, ukimpa ghafla meli ya mitambo hataijua. Lakini nani atathubutu kusema kuwa hakujua bahari?

Jibu la swali la kwanza, tuseme kweli, ni kuwa wengi wangetaabika. Mchezo wenyewe umegeuka. Mwalimu James Naismith alipoubuni mjini Springfield, Massachusetts, mwezi wa Desemba 1891, aliuwekea kanuni 13 na akatundika vikapu vya matunda. Hata baada ya miaka sitini timu iliweza kuushika mpira kwa muda iupendao. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne iliishinda Minneapolis kwa pointi 19 kwa 18, na huo ulikuwa mchezo mzima! Mwaka 1954 ndipo ikaja kanuni ya kutupa mpira kabla ya sekunde 24 kwisha. Mstari wa pointi tatu uliingia katika ligi ya NBA mwaka 1979, na msimu ule wa kwanza kila timu ilijaribu mitupo hiyo chini ya mitatu kwa mchezo. Leo hujaribu zaidi ya 30. Mtu aliyefunzwa tangu ujana wake kuwa mtupo wa mbali ni upuuzi hawezi kugeuka kwa usiku mmoja.

Tena mlango wa zamani ulikuwa mwembamba. Mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, Earl Lloyd, aliingia uwanjani tarehe 31 Oktoba 1950. Waliong'ara kabla ya hapo waling'ara katika nyumba ambayo wenzao wengi walifungiwa nje. Leo ligi ina timu 30, na wachezaji zaidi ya 100 wametoka nje ya Marekani. Anayewasifu wa zamani bila ya kulitaja hili hakufanya insafu.

Hata hesabu zapasa kusomwa kwa uangalifu. Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja tarehe 2 Machi 1962, na msimu ule alipata wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo. Lakini siku zile timu ilitupa mpira kikapuni zaidi ya mara 100 kwa mchezo, na leo ni kiasi cha mara 90. Mwenye nafasi nyingi hupata mengi. Hata hivyo, utazame na upande wa pili: msimu ule ule Chamberlain alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mchezo, ilhali mchezo wenyewe ni dakika 48, kwani dakika za nyongeza nazo alizicheza. Siku hizi nyota hupumzishwa ili mwili wake usichoke.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili, na hapo wale wakubwa husimama. Chamberlain alikuwa na kimo cha sentimita 216, naye chuoni Kansas alishindana pia katika kuruka juu. Kipawa kama hicho hakichakai. Bill Russell wa Boston, naye mrukaji, alichukua ubingwa mara 11 katika misimu 13, kati ya 1957 na 1969. Kazi yake ilikuwa kuzuia, kukimbia na kuwatangulia wenzake kwa akili, na mchezo wa leo unamtaka mtu mrefu wa namna hiyo hasa. Kareem Abdul-Jabbar, Mwislamu aliyelichukua jina hilo hadharani mwaka 1971, alicheza misimu 20, na hesabu yake ya pointi 38,387 haikupitwa ila mwaka 2023 na LeBron James. Mtupo wake wa mkono mmoja juu ya kichwa haukupata dawa kwa miaka ishirini. Sioni kwa nini upate dawa leo.

Na mbona hatugeuzi swali? Stephen Curry, bingwa wa mitupo ya mbali, katika uwanja wa 1955 angepata pointi mbili tu kwa kila mtupo, uwe wa karibu au wa mbali. Na kijana wa kwetu Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye kimo cha sentimita 221, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009, akacheza huko hadi msimu wa 2013-14. Aliingia wakati mchezo ulipoanza kuwatoa warefu chini ya kikapu na kuwataka wawafukuze wafupi huko mbali. Naona kuwa miaka 50 kabla yake mzuiaji wa kimo kile angekuwa tishio kubwa zaidi. Basi wakati nao una sehemu yake katika sifa ya mtu.

Lakini, ndugu msomaji, lililo kubwa zaidi ni hili. Mchezo huu wa leo tunaowapimia wazee wameujenga wenyewe. Mtazame George Mikan wa Minneapolis, aliyetwaa ubingwa mara tano kati ya 1949 na 1954. Aliwashinda watu mno hata mwaka 1951 eneo lililo chini ya kikapu likapanuliwa kutoka futi 6 hadi 12 ili asogezwe mbali. Lau angetiwa uwanjani leo kama alivyokuwa, angekuwa mzito na mpole wa miguu, na mitupo ya mbali ingemwelemea. Na nani aliyeileta mitupo hiyo? Mwaka 1967 ilipoanzishwa ligi nyingine, ABA, mkuu wake wa kwanza alikuwa Mikan, na ligi hiyo ndiyo iliyoutumia mstari wa pointi tatu miaka 12 kabla ya NBA. Silaha ambayo ingemshinda, mwenyewe alishiriki kuifua.

Kadhalika mali. Cousy huyo aliyedharauliwa ndiye aliyeanzisha chama cha wachezaji mwaka 1954. Tarehe 14 Januari 1964 nyota waliokusanyika Boston walikataa kutoka chumbani kucheza mpaka waahidiwe pensheni. Mamilioni ya leo yameota juu ya ardhi ile.

Mikan alifariki mwaka 2005, baada ya kusumbuliwa na kisukari, wala hakuwa na mali nyingi. Aliyelipa gharama za maziko yake ni Shaquille O'Neal, jitu la zama mpya, ambaye alikuwa amechezea klabu ile ile ya Mikan baada ya kuhamia Los Angeles. O'Neal hakuuliza kama mzee yule angeweza kumzuia. Aliijua njia aliyopita na nani aliyeifyeka.

Wahenga wamesema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Bishaneni, vijana, kwani ubishi wa adabu huleta maarifa. Lakini kila umpimapo aliyekutangulia, mpe mizani ya wakati wake, kisha uhesabu na ulichorithi kwake. Na mtaani kwako wamo wazee waliojenga unachokitumia leo. O'Neal alilipa deni mazikoni. Wewe lako lilipe wenyewe wangali hai.