HABARI ZA WENZETU TULIOSOMA NAO

Walimu kadhaa wa Kibondo na Kasulu, ambao zamani walisoma pamoja katika chuo kimoja, wameazimia kukutana kiangazi kijacho, shule zitakapofungwa. Habari zimekwisha kuanza kwenda huku na huku. Huyu auliza, Fulani yu wapi siku hizi? Yule ajibu kwamba yuko Kakonko, ana watoto sita, na mmoja wao ni mwalimu kama baba yake. Mwingine aulizwa habari zake, na hapana ajibuye.

Wako watu wanaosema, Mkutano huo una faida gani? Ni kula pilau, na kutazamana nguo, na kuhesabiana vyeo. Neno hili lisipuuzwe, maana mkutano wa watu waliosoma waweza kweli kuwa hivyo. Lakini tukiitazama historia ya shule za kwanza za nchi zetu, twaona kwamba kuulizana habari kwa watu waliosoma pamoja si jambo jipya, wala si mchezo. Palikuwa na watu ambao, kama si habari za wenzao, wasingalikuwa na ndugu hata mmoja duniani.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere walifika Unguja, wakiwa wametumwa na misheni iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza. Mwaka ule ule Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume, waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Baadaye wakaongezeka wengi, na shule ya wavulana ikakaa Kiungani, karibu na mji wa Unguja. Wasichana nao walipata shule yao huko Mbweni.

Fikirini, wasomaji, shule hiyo ilikuwa ya namna gani. Mtoto wetu aendapo shule ya mbali, mama yake humfungia chakula, na baba humpa maneno ya kumwonya, na likizo ikifika hurudi nyumbani. Katika wale wavulana wa Kiungani walio wengi hawakuagwa na mtu. Walinyakuliwa vitani, au waliibwa njiani, au waliuzwa kwa deni. Wakapita mikononi mwa watu wengi hata wakafika pwani. Huyu alikuwa Myao, huyu Mmakua, huyu ametoka pande za Ziwa Nyasa, na kila mmoja alikuwa na lugha yake. Wengine walitekwa wangali wadogo sana, hata njia ya kwao wasiijue tena. Likizo ilipofika, hawakuwa na mahali pa kwenda.

Mwalimu mmoja wa Kiungani, A. C. Madan, yule aliyetunga kamusi za Kiswahili, aliwafanya wavulana waandike kila mmoja habari zake mwenyewe: kwao ni wapi, alikamatwaje, na alifikaje pwani. Akazifasiri kwa Kiingereza, na mwaka 1887 zikapigwa chapa London katika kitabu kiitwacho Kiungani. Tuwaze jinsi wavulana hao walivyokaa na kalamu mkononi, kila mmoja akiyakumbuka mambo ambayo jirani yake naye aliyapata kwa njia nyingine. Hapo ndipo watu wa kabila mbalimbali walipopata jambo moja la kuwaunganisha. Hawakuzaliwa na baba mmoja, lakini waliokolewa pamoja, wakafundishwa pamoja.

Mwaka uliofuata, yaani 1888, pakaanzishwa pale Kiungani gazeti la Kiswahili, jina lake Msimulizi. Ni katika magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Wanafunzi wenyewe walishiriki katika kuliandika na kulipiga chapa, maana kazi ya chapa ilifundishwa katika misheni ile tangu siku za Steere. Na ndani yake mlikuwa na nini? Mlikuwa na habari za vituo. Wakati huo vijana waliokwisha kusoma walikuwa wametawanyika: wengine Magila na nchi ya Wabondei, wengine Masasi na Newala, wengine mpaka Ziwa Nyasa. Huko walikuwa walimu na wasomaji wa kanisa, nao waliandika barua kueleza mambo ya kwao. Gazeti likazikusanya habari hizo, likazirudisha kwa wote. Mwalimu aliyekaa peke yake katika kijiji cha mbali akaweza kujua kwamba mwenzake yu hai na angali akifanya kazi.

Msomaji asiyewajua watu hao angeweza kusema, Habari hizi ni ndogo. Lakini kwa wenyewe hazikuwa ndogo. Sisi tulio na ukoo, mtu akitaka kujua habari za nduguye humwuliza shangazi au mjomba. Wao hawakuwa na shangazi wala mjomba. Lile gazeti ndilo lililokuwa baraza la ukoo wao.

Na hao walioulizana habari hawakuwa watu wa bure. Katika wale watoto watano wa mwaka 1864 mmoja ni John Swedi. Mwaka 1870 yeye na mwenzake George Farajallah walipewa daraja ya ushemasi mdogo. Farajallah alikufa angali kijana. Swedi akabaki, na mwaka 1879 akafanywa shemasi. Mwingine ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kuongeza elimu. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kusini ya nchi yetu, na mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kule Chitangali hakuwa na Mzungu wa kumwongoza kila siku. Alikaa kati ya Wayao wenzake na kuwafundisha. Basi aliyetekwa katika nchi yake na kutiwa utumwani alirudi kwa watu wa kabila lake akiwa mchungaji wao.

Mwaka 1925 chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani kikapelekwa Minaki, karibu na Dar es Salaam. Nyumba ziliachwa, lakini jina lilihama pamoja na kazi. Ndivyo ilivyo kwa chuo chochote: chuo si kuta zake, ni watu waliotoka humo.

Pengine msomaji wa Kasulu atasema, Hayo ni mambo ya Unguja, ni mbali. Basi tuje katika ziwa letu wenyewe. Karema iko pwani ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Huko aliishi mganga Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa magharibi ya Afrika, katika nchi iitwayo leo Mali. Alitekwa angali mtoto, akavushwa jangwa, na Mapadre Weupe wakamkomboa. Kadinali Lavigerie alikuwa amefungua chuo katika kisiwa cha Malta, ili vijana wa Kiafrika wafundishwe uganga, waende kuwatibu Waafrika wenzao na kuwafundisha dini. Atiman alisoma huko. Mwaka 1888 alianza safari pamoja na wenzake wachache waliosoma naye, na mwaka 1889 alifika Karema. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa pwani ile zaidi ya miaka 60, hata alipokufa mwaka 1956. Mwanawe, Joseph, akawa padre.

Mtu kama huyo, kwao hakuna njia ya kurudi, na wale aliosoma nao walipelekwa vituo vingine vya ziwa na vya bara. Siku hizo barua iliweza kukaa njiani miezi mingi. Undugu wao haukuonekana katika karamu, ulionekana katika kazi: kila mmoja katika kituo chake akifanya yale waliyofundishwa pamoja. Mwishoni mwa maisha yake Atiman aliandika habari zake mwenyewe, nazo zilipigwa chapa. Kwa hiyo twamjua. Wenzake ambao hawakuandika, wala hawakuandikiwa, twajua kidogo tu.

Sasa tujitazame sisi wa Buha. Twaijua habari ya kutawanyika. Siku za serikali ya Waingereza vijana wengi wa nchi hii walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya katani, huko Tanga na Morogoro. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, wengine hawakurudi, na mpaka leo ziko koo zisizojua makaburi yao. Tena nchi yetu imewapokea waliotawanyika. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika Kasulu kwa watu waliokimbia vita vya Kongo, na Kibondo ilipokea Warundi, mara kwa mara, katika kambi kama Nduta na Mtendeli. Watoto waliosoma pamoja katika madarasa ya kambi hizo leo wengine wamerudi Burundi, wengine wamepelekwa Marekani na Ulaya. Hao nao huulizana kama wavulana wa Kiungani, Fulani yu wapi?

Na walimu ni watu wa kutawanyika kwa kazi yao. Wametoka katika vyuo, kama kile cha Kasulu na kile cha Kabanga, wakagawanywa. Mmoja apelekwa mahali ambapo masika njia haipitiki, akae miaka kumi bila mtu wa kuzungumza naye mambo ya kazi. Wakristo wa kijiji humwita Mwalimu, humletea shida zao, humwomba awaandikie barua. Lakini yeye shida zake amweleze nani? Wako walioingia katika ulevi kwa upweke tu. Wako waliougua, na wenzao hawakusikia hata walipozikwa. Kwa sababu hii nasema mkutano wa wenzetu ni jambo zito, nao wastahili kutengenezwa vema.

Kwanza, yafaa majina yote yaitwe, kama yalivyoitwa asubuhi chuoni. Wafu nao waitwe, na mmoja aitike kwa ajili ya kila mfu, aseme amekufa mwaka gani na amezikwa wapi, na kama ameacha mjane au yatima. Jina lisiloitikiwa na mtu litiwe alama, naye mtu wa karibu apewe kazi ya kumtafuta.

Pili, atafutwe yule anayeona haya. Katika kila darasa yuko aliyefukuzwa kazi, na aliyefilisika, na aliyeiacha dini, na asiye na nauli ya kutoka Kakonko mpaka Kasulu. Huyo hatakuja kwa kualikwa kwa maneno ya jumla. Atakuja akifuatwa nyumbani na mtu aliyelala naye bweni moja. Na akija asiulizwe, Siku hizi una cheo gani? Mkutano ukiwakusanya waliofanikiwa tu, wale wasemao kwamba ni wa kutazamana nguo wamesema kweli.

Tatu, habari ziandikwe. Daftari moja yatosha. Kila mmoja aandike kurasa mbili tatu: alizaliwa wapi, ni nani aliyemtia shule, amefundisha vijiji gani, ameona nini. Wavulana wa Kiungani waliandika wangali vijana, na kwa sababu hiyo twayajua mateso yao na wokovu wao. Itakuwa aibu kama sisi tulio na karatasi tele na amani tutakufa bila kuacha neno. Watoto wa Heru na Muhambwe wakitaka kujua shule za vijiji vyao zilijengwaje, nani aliyekata miti na nani aliyefinyanga matofali, watamwuliza nani sisi tukiisha kuondoka?

Nne, mkutano uache kitu nyuma yake. Kama ni ada ya mtoto wa mwenzetu aliyekufa, ama bati chache za shule ya zamani, ama fedha ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Kabanga au ya Heri, yote ni mema. Karamu husahauliwa kesho yake.

Wasomaji wa Biblia hufika mwisho wa Waraka kwa Warumi, sura ya 16, wakaruka, maana ni majina tu. Wasiiruke. Mtume Paulo, baada ya mafundisho makubwa yale, akaona vema kuwataja watu zaidi ya ishirini mmoja mmoja, huyu kwa taabu aliyofanya, yule kwa kifungo walichofungwa pamoja. Hata Tertio, aliyeiandika barua kwa mkono wake, alitia salamu zake. Mtume aliyekuwa na shughuli za makanisa mengi hakuona kwamba kumtaja mtu kwa jina lake ni kupoteza wakati.

Basi ninyi mtakaokutana kiangazi, anzeni sasa. Chukua karatasi, andika majina unayoyakumbuka, anza na yule ambaye hujasikia habari zake siku nyingi kuliko wote. Ukimjua mtu wa kijiji chake, mtumie salamu leo.